Masikio Yanayochelewa

Alhamisi, tarehe 13 Machi 2025, Rais William Ruto alitimiza miaka miwili na miezi sita tangu aapishwe pale Kasarani. Muhula ulikuwa umefika katikati. Mimi ni mmoja wa Wakenya 7,176,141 waliompa kura Agosti 2022, na naitaja idadi hiyo hadi mtu wa mwisho kwa sababu siku hizi ukizunguka kumtafuta aliyempigia Ruto kura, utadhani alichaguliwa na majini. Mimi nipo. Nilimpigia, sijifichi, na haya ya leo ni maneno ya mtu wa ndani ya nyumba.

Wapinzani wake wana orodha ndefu ya malalamiko na wameikariri. Langu ni moja. Rais huyu husikia, tena ushahidi upo. Ila husikia gharama ikiwa imeshalipwa, na walioilipa huwa ni wale wale aliowaomba kura.

Tukumbuke alivyoanza. Siku ile ile ya kuapishwa alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zitarudi bandari ya Mombasa. Watu wa Pwani, kuanzia mawakala wa forodha hadi madereva wa malori na akina mama waliowapikia, walikuwa wamelililia jambo hilo tangu mizigo ilipoanza kulazimishwa kupanda treni kwenda bara. Siku hiyo hiyo akawateua majaji sita ambao mtangulizi wake, Uhuru Kenyatta, alikuwa amewakataa licha ya amri za mahakama. Mwezi uliofuata akavunja kikosi maalumu cha makachero kilichokuwa kikihusishwa na mauaji ya raia. Hakuna aliyeandamana kumshurutisha. Alikuwa ametoka kwenye kampeni, vumbi la vijijini lingali viatuni, na aliyoambiwa na watu alikuwa bado anayakumbuka.

Mbolea ndiyo mfano ninaoupenda zaidi. Gunia la kilo 50 lilikuwa limepanda hadi shilingi 6,500. Serikali yake ikalishusha hadi 3,500 mwezi ule ule wa kwanza, na mwaka uliofuata likafika 2,500. Mavuno ya mahindi yakapanda kutoka magunia milioni 34 hivi mwaka 2022 hadi milioni 47 na zaidi mwaka 2023. Mvua nayo ilinyesha, tusimnyime Mungu haki yake. Lakini fika Trans Nzoia au Uasin Gishu uulize: hata anayemsema Rais vibaya kwa mengine yote, hili la mbolea humwachia.

Sasa tazama yaliyofuata. Mwanzoni mwa 2024 wakulima wakaanza kusema kwamba mbolea waliyouziwa katika mpango huo huo wa serikali ilikuwa bandia. Walisema mapema, msimu wa kupanda ukiwa mlangoni. Jibu la kwanza kutoka Wizara ya Kilimo lilikuwa kukana. Serikali ilipokuja kukubali na kuahidi fidia, mbegu zilikuwa ardhini tayari. Mkulima hana njia ya kuurudisha msimu nyuma.

Twende kwenye mshahara, maana hapo ndipo urafiki ulipoanza kuchacha. Chukua mtu anayelipwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Askari wa kampuni ya ulinzi aliyepanda cheo kidogo, tuseme, au karani wa duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka 2022 alikatwa 900 za bima ya afya ya NHIF na 200 za akiba ya uzeeni ya NSSF, jumla 1,100. Leo anakatwa 825 za bima mpya ya afya, 450 za ujenzi wa nyumba na 1,800 za NSSF. Jumla ni 3,075, na kodi ya mapato sijaigusa. Nitakuwa mkweli: katika hesabu hiyo bima ya afya imeshuka kwa shilingi 75, na fedha za NSSF ni akiba yake mwenyewe atakayoichukua uzeeni, isitoshe, sheria iliyozipandisha ni ya 2013, ilikwama mahakamani tu. Lakini mwenye nyumba haji mwisho wa mwezi kudai kodi ya uzeeni. Anataka kodi ya mwezi huu.

Na mama mboga je, yule ambaye jina la kazi yake lilitajwa kila jukwaa la kampeni? Zamani alilipa NHIF shilingi 500 kwa mwezi, akikosa mwezi huu anajikokota ule. Bima mpya ilipoanza Oktoba 2024, kiwango cha chini kikawa shilingi 300 kwa mwezi. Kwa hesabu ya darasani amepunguziwa. Ila asiye na mshahara alitakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, 3,600 au zaidi, kadiri mashine ilivyoamua baada ya kumuuliza paa la nyumba yake ni la nini na ana ng'ombe wangapi. Mama mboga hula cha siku. Angekuwa na 3,600 za kuweka mezani kwa mara moja, angenunua gunia la viazi. Aliyeandika kanuni hiyo hajawahi kukaa naye hata nusu saa kibandani, na wala sisemi kwa dhihaka: Rais mwenyewe alikaa vibandani kwa miaka kadhaa. Angeweza kuwaambia maofisa wake.

Hazina ya Hasla, ile ya mikopo ya serikali, nayo. Ilizinduliwa Novemba 2022, riba asilimia 8 kwa mwaka, na kwa riba hiyo peke yake nampongeza, kwa sababu mikopo ya simu ilikuwa ikiwanyonya watu damu. Wengi walianza na mkopo wa shilingi 500, na humo asilimia 5 inakwenda kwenye akiba. Unabaki na 475, zirudishwe ndani ya siku 14. Ni nauli na chai. Waliolipa vizuri wamepandishiwa kiwango, kweli. Lakini sisi tulipoambiwa uchumi utaanzia chini kwenda juu, tulidhani huko chini kutapelekwa mtaji.

Wanaomtetea wana hoja, na hoja yao si ya kupuuzwa. Alikuta nchi ina madeni, deni moja la dola bilioni 2 likisubiri kulipwa Juni 2024, na shilingi ilianguka hadi karibu 160 kwa dola. Deni likalipwa, na kufikia Machi 2025 dola ilikuwa kama 129. Mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 9.2 alipoingia, Februari 2025 ulikuwa 3.5. Petroli Nairobi ilifika shilingi 217 mwishoni mwa 2023, Machi 2025 ilikuwa 176 na senti. Kazi hiyo si ndogo, na ningependa asifiwe zaidi kwayo. Ila tangu lini mfadhili wa nje akapewa maelezo ya kina kuhusu hali ya nchi kabla ya mpiga kura? Sisi tulielezwa baadaye, na kwa ukali, kana kwamba anayeuliza kodi yake inakwenda wapi ni mtoto mtundu.

Ndipo Juni ya 2024 ikatukuta.

Muswada wa Fedha ulisomwa, ukajadiliwa, watu wakapeleka maoni Bungeni kama Katiba inavyotaka. Tarehe 18, siku vijana walipojaa katikati ya jiji kuupinga, ndipo kodi ya mkate na ile ya magari ziliondolewa. Kwa hiyo zilikuwa zinaondoleka! Tarehe 25 wabunge 195 wakaupitisha uliobaki huku vijana wakiwa nje ya ukuta, kisha ndani ya ukuta, na risasi zikalia. Tarehe 26 Rais akajitokeza kusema hautii saini, kwamba amewasikiliza Wakenya. Siku moja tu. Kalamu iliyokataa tarehe 26 ingekataa tarehe 19, na wapo watoto wa watu wangekuwa wanakula chajio na wazazi wao usiku wa leo. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu imehesabu watu 60 waliouawa katika maandamano ya mwaka huo.

Nimejaribu mara nyingi kuwaza kwamba hakujua ukubwa wa hasira. Siwezi kuamini. Huyu ni mwanasiasa aliyeijua Kenya kata kwa kata. Kama kuna mtu nchini aliyeweza kunusa hasira ya vijana wasio na kazi kabla haijatoa moshi, ni yeye. Ndiyo iliyomwingiza Ikulu.

Ikaja ya Adani. Tangu Julai 2024 watu walipiga kelele kuhusu uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kukodishwa kampuni hiyo ya India kwa miaka 30. Wafanyakazi wa uwanja wakagoma Septemba. Serikali ikashikilia kwamba hakuna ubaya. Tarehe 20 Novemba waendesha mashtaka wa Marekani wakamshtaki mwenye kampuni, Gautam Adani, na kesho yake Rais akasimama Bungeni kufuta mpango wa uwanja pamoja na ule wa nyaya za umeme, wabunge wakashangilia. Nami nilifurahi. Lakini miezi minne ya kelele za Wakenya haikufua dafu, karatasi ya siku moja kutoka New York ikatosha.

Juu ya utekaji wa vijana waliokosoa serikali sina subira. Hadi mwisho wa Desemba 2024 tume ile ile ya haki za binadamu ilikuwa imeandika visa 82 tangu Juni. Baada ya Krismasi, akiwa Homa Bay, Rais akaahidi kwamba mambo hayo yatakomeshwa. Ahadi nzuri, msikilizaji, lakini huyu ndiye aliyevunja kikosi cha makachero Oktoba 2022 bila kusukumwa. Anayajua madhara yake. Kwa nini safari hii tulisubiri miezi sita kusikia neno lake?

Tarehe 7 Machi 2025 tukamwona KICC akitia saini makubaliano na Raila Odinga, vipengele kumi, kikiwemo cha fidia kwa walioumizwa katika maandamano. Wenzangu wa chama cha wilbaro, chama cha Rais, walikasirika. Tulifundishwa kwa miaka minne kwamba handisheki, ile ya Uhuru na Raila, ni njama ya wakubwa, na mimi darasa hilo nililifuata kwa makini kuliko mwalimu wake. Hata hivyo sitapoteza muda wenu nalo. Kama ndani ya vipengele hivyo kuna familia itakayolipwa, basi ilipwe kesho, tena bila sherehe.

Hapa nataka kuwataja watu wa Banissa, kule Mandera. Mbunge wao alifariki Machi 2023. Hadi Machi 2025 hawakuwa na mwakilishi, kwa sababu Tume ya Uchaguzi haikuwa na makamishna tangu Januari 2023, na bila makamishna hakuna uchaguzi mdogo. Watu wale ni wachache, wako mbali, hawaandamani Nairobi. Kamati ya kuwatafuta makamishna iliundwa mwaka 2025 tu. Wakati Muswada wa Fedha ulipopitishwa 2024, kata zote za Banissa hazikuwa na mtu wa kusema ndiyo wala hapana.

Na kila mwaka muswada mwingine wa fedha huja. Kwa kawaida hufika Bungeni kabla ya mwisho wa Aprili, kisha Mei unakuwa mwezi wa maoni ya umma. Chama cha wenye maduka kitaandika, waoka mikate wataandika, vijana watachambua kifungu kwa kifungu kwenye simu zao. Mimi mwenyewe nitaandika barua, niitie saini kama mwanachama. Nitaangalia kama kuna hata kodi moja itakayofutwa mwezi wa Mei, kabla ya mtu yeyote kutoka nyumbani kwake na bendera mkononi.