Msaidizi wa Darasani: Kumsaidia Mtoto Si Kumfanyia Kila Kitu

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya sala ya Alasiri)



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Wazee wangu, mama zetu na vijana wenzangu, nimeombwa nizungumzie kazi niliyoifanya muhula mzima nilipokuwa likizo ya chuo kikuu: kumsaidia mwalimu katika darasa la wanafunzi wenye mahitaji maalum. Wengi wenu mkinikuta njiani mwaniuliza, "Hivi wewe huko wafanya nini, wachunga watoto?" La hasha. Wacha niwaeleze.

Mwenye kusomesha ni mwalimu. Kazi ya msaidizi ni kuhakikisha lile somo limemfikia kila mtoto. Asiyeona vizuri humkalisha mbele, na humuandikia kwa herufi kubwa. Asiyesikia vizuri huzungumza naye uso kwa uso, hasemi huku amempa mgongo. Mwenye usonji humtengenezea ratiba ya picha: hapa kusoma, hapa kucheza, hapa kula, ili ajue linalokuja asibabaike. Na mtoto akishikwa na kifafa, humuondolea viti na meza, humlaza ubavu na huangalia saa. Kikipita dakika tano, ni hospitali. Wala hamtii kijiko mdomoni, jambo ambalo majumbani bado tunalifanya na lina hatari.

Hayo yote mtu hujifunza. Lililo gumu zaidi, jamani, ni kujizuia.

Kulikuwa na mtoto wa miaka tisa mwenye mtindio wa ubongo. Vidole vyake ni vizito, na kufunga vifungo vya shati kulimaliza nusu ya mapumziko. Wenzake washatoka kucheza, yeye bado yuko na kifungo cha kwanza. Mkono unakuwasha umfungie, yaishe. Mwalimu akaniambia, "Ukimfungia wewe leo, atakungoja umfungie mpaka aote ndevu." Basi tukaanzia mwisho. Mimi nafunga vyote, yeye anamalizia kimoja tu cha mwisho, na raha ya kumaliza ni yake. Kisha viwili, kisha vitatu. Mwanzo nikimshika mkono, baadaye nikimgusa kiwiko, halafu nikinyosha kidole tu, mwishowe nikinyamaza. Muhula ulipokwisha alikuwa akijifunga shati zima. Polepole, ndiyo, lakini mwenyewe.

Njia hiyo hiyo yafaa kumfundisha mtoto udhu, kuvaa viatu, hata kushika kalamu.

Sasa tujiulize, watoto hawa wako wapi katika vyuo vyetu vya Qur'ani? Hesabuni. Mtaani twawajua, chuoni hatuwaoni. Wengine wamekaa ndani kwa sababu mzazi aona haya, na wengine kwa huruma: "Maskini, muacheni, mgonjwa yule." Huruma ya namna hiyo yamfungia mtoto mlango sawasawa na ile haya.

Nanyi mwajua kisa cha Abdullah ibn Ummi Maktum (R.A), sahaba asiyeona, ambaye kwa sababu yake iliteremka Suratu Abasa. Mtume (S.A.W) hakumuweka pembeni apewe sadaka tu. Alimpa kazi ya kuadhini. Katika Ramadhan, Bilal (R.A) akiadhini usiku watu wakiendelea na daku, na sauti ya kuwazuia kula ilikuwa ya Ibn Ummi Maktum. Tazameni: yeye alfajiri haioni. Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa alikuwa haadhini mpaka aambiwe kumekucha. Basi yuko mtu aliyemwambia, na msaada wake ulikuwa neno hilo tu. Adhana ilibaki ya Ibn Ummi Maktum. Kwangu mimi, huyo aliyekuwa akimwambia ndiye mfano wa msaidizi.

Na hapa Kenya milango ipo. Vituo vya kuwapima watoto hawa ili wapangiwe masomo vilianza mwaka 1984, na taasisi ya kitaifa ya elimu maalum, KISE, iliundwa mwaka 1986 na iko Kasarani, Nairobi. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, yampa mwenye ulemavu haki ya kupata elimu. Haki hiyo haimfikii mtoto aliyefichwa chumbani.

Nina maombi matatu. Mzazi, mpeleke mwanao akapimwe. Uliza ofisi ya elimu ya kaunti yako kituo kilipo. Ustadhi, mpe nafasi katika jamvi lako, hata kama atahifadhi Suratul Ikhlas peke yake mwaka mzima. Nawe kijana mwenzangu, unapongoja kazi au matokeo, nenda shule iliyo karibu nawe uulize kama wahitaji mkono. Malipo ni machache, mara nyingine hamna kabisa, na mara nyingi hutoka mfukoni mwa wazazi. Lakini hiyo ni kazi, tena ni fani ya kusomewa.

Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu na atujaalie tuwe msaada usiomdhalilisha anayesaidiwa.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.