Kutoka Dirisha la Dawa hadi Mdomoni: Mhadhara wa Umma Uliotolewa Makurunge



Mihadhara ya namna hii kwa kawaida hutolewa ukumbini Dar es Salaam, watu wakiwa wamevaa majoho. Niliomba huu tuulete hapa kwa kuwa unahusu dawa ya saratani inayomezwa nyumbani. Hakuna dripu wala kitanda cha wodi. Ni mgonjwa, sahani yake ya chakula, glasi ya maji na kidonge, kila siku, mwaka hadi mwaka. Mimi ni mfamasia, na kazi yangu inaishia dirishani. Leo nataka tuizungumze sehemu inayoanza baada ya hapo.

Kuna aina ya saratani ya damu inayokwenda polepole, ambayo wataalamu huiita lukemia sugu ya mieloidi. Mtu anaanza kupungua, anatoka jasho usiku, upande wa kushoto wa tumbo unakuwa mzito kwa sababu bandama imevimba. Wengi hutibiwa malaria kwanza, na wengine hupelekwa kwa mganga. Ugonjwa huu hauambukizi, haurithiwi, na hakuna aliyemroga mtu. Mwaka 1960, Peter Nowell na David Hungerford waliokuwa mjini Philadelphia waliona kwenye chembe za wagonjwa hawa kromosomu moja iliyokuwa fupi kupita kawaida. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kwamba vipande vya kromosomu namba 9 na 22 vimebadilishana mahali. Mabadilishano hayo huzaa protini inayoamrisha uboho utengeneze chembe nyeupe bila kusimama.

Imatinibu, dawa iliyoidhinishwa Marekani Mei 2001 kwa jina la Gleevec, huizuia protini hiyo. Haing'oi mzizi wote, lakini huufunga. Katika utafiti mkubwa uliofuatilia wagonjwa walioanza nayo, zaidi ya 80 katika kila 100 walikuwa hai baada ya miaka 10. Kabla yake, wengi hawakuishi zaidi ya miaka michache. Ilipoingia sokoni Marekani, bei yake ilizidi dola 20,000 kwa mwaka, fedha ambayo mkulima wa Makurunge hawezi hata kuifikiria. Ndipo mwaka 2002 kampuni ya Novartis na shirika la The Max Foundation wakaanzisha mpango wa kuitoa bure kwa wagonjwa wa nchi kama yetu, na hapa Tanzania mlango wake ukawa Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Kwa hiyo tatizo zito kuliko yote, yaani bei, lilipatiwa njia. Kilichobaki ni safari ya kutoka dirisha la dawa hadi mdomoni, na safari hiyo tumemwachia mgonjwa peke yake.

Ina uzito gani? Watafiti wa Hospitali ya Hammersmith, London, walichapisha mwaka 2010 kazi waliyoifanya kwa wagonjwa 87 waliokwisha kuitumia dawa hii kwa miaka kadhaa. Waliwapa chupa zenye kifuniko chenye chombo kidogo kinachorekodi kila inapofunguliwa, wakahesabu kwa miezi mitatu. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi zao walikuwa na nafasi ya takribani 95 katika 100 ya kuufikisha ugonjwa chini sana ndani ya miaka sita. Waliomeza asilimia 90 au pungufu, nafasi ilikuwa 28 hivi. Asilimia 90 maana yake ni kukosa siku tatu katika mwezi. Siku tatu tu! Na hao ni watu wa London, ambako hakuna anayevuka matope ya masika kwenda kliniki.

Sasa tumfikirie mgonjwa wa hapa. Tarehe ya kliniki ikifika anapanda bodaboda hadi Bagamoyo mjini, anashika gari la Dar es Salaam, anaunganisha daladala nyingine hadi mjini, karibu na bahari. Anakaa foleni, anatoa damu, anachukua dawa, anarudi usiku au analala kwa ndugu. Kibarua cha siku hiyo kimepotea, na nauli imetoka mfukoni. Mwezi ambao mtoto anadaiwa mchango wa shule, safari inasogezwa wiki moja. Vidonge vilivyobaki anavigawa ili vifike: leo anameza, kesho anaacha. Kwenye kadi yake ataandikiwa kuwa hafuati masharti. Mimi namwona mtu anayefanya hesabu ngumu bila wa kumsaidia.

Kuna sababu nyingine zisizotajwa dirishani. Kidonge hiki kikimezwa tumbo likiwa tupu kinaleta kichefuchefu kikali, na ndiyo maana tunasema kimezwe baada ya kula, kwa glasi kubwa ya maji. Kwenye nyumba inayopika mara moja kwa siku, agizo la "baada ya chai" halina maana. Mwambie ameze baada ya ule mlo anaoupata kweli, hata kama ni wa usiku. Misuli hukaza usiku, na uso huvimba kuzunguka macho asubuhi. Halafu kuna hili la ngozi: kwa watu weusi dawa hii inaweza kuifanya ngozi iwe nyeupe zaidi, usoni na mikononi. Dada wa watu anaambiwa anapaka mkorogo. Mwingine akionekana na kopo la vidonge anadhaniwa ana UKIMWI, basi analificha kopo mahali ambapo hata yeye hakumbuki kulitazama. Na yuko mwanamke kijana, maana wagonjwa wa kwetu ni vijana kuliko wale wa Ulaya, anayeacha dawa kimyakimya ili ashike mimba, kwa kuwa aliambiwa mara moja tu kwamba dawa na mimba haviendi pamoja, kisha hakuna aliyemuuliza kama anataka mtoto. Madaktari wanaweza kupanga naye, lakini wanahitaji kujua mapema.

Ramadhani nayo. Hapa pwani hatuwezi kuzungumza dawa bila kuizungumza. Anayemeza mara moja kwa siku anaweza, kwa makubaliano na daktari wake, kumeza baada ya futari, akanywa maji ya kutosha hadi daku. Mfamasia asiyeulizia jambo hili mwezi wa Shaabani ajue wapo watakaoiacha dawa mwezi mzima kwa nia njema kabisa.

Linaloniuma ni kwamba ujuzi wa kumsaidia mtu ameze dawa miezi na miaka sisi tunao. Ulikuzwa hapahapa Tanzania. Mwaka 1977 mpango wa taifa wa kifua kikuu ulianza, na daktari Karel Styblo akishirikiana na Watanzania akajenga mfumo wa daftari la kila mgonjwa, dawa karibu na nyumbani, na mtu wa kumshuhudia akimeza. Shirika la Afya Duniani likauchukua na kuueneza ulimwenguni miaka ya 1990. Baadaye tukamruhusu mgonjwa achague msimamizi wake mwenyewe: mume, mama, jirani. Dawa za UKIMWI zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004 tukajifunza mengine, hadi leo mgonjwa aliyetulia anapewa dawa za miezi mitatu au sita. Kwa nini mwenye lukemia iliyotulia asifunge safari mara mbili kwa mwaka badala ya kila mwezi? Hata mashine ya GeneXpert inayopima makohozi kutafuta kifua kikuu inaweza, ikiwekwa katriji nyingine, kupima kama lukemia hii imeshuka. Hata kipimo, basi, kinaweza kusogezwa karibu.

Nazungumzia watu wazima, lakini wazazi wenye watoto wa lukemia kali, ile inayokwenda haraka, wanisikilize kidogo. Mtoto akiruhusiwa kurudi nyumbani anapewa mekaptopurini ya kila siku na methotreksati ya mara moja kwa wiki. Hiyo ya pili ikimezwa kila siku inaweza kuua. Chagueni siku moja, tuseme Ijumaa, iandikwe kwenye kopo kwa herufi kubwa, na bibi wa nyumbani ajue.

Kwa watoa huduma wa zahanati na wahudumu wa afya ngazi ya jamii nina ombi. Msimuulize mgonjwa "unameza vizuri?" kwani atajibu ndiyo. Mwambieni kwamba wengi hukosa siku moja moja, kisha muulizeni wiki hii amekosa siku ngapi, na siku ile kulitokea nini. Aliyesahau jana asimeze mbili leo. Aliyetapika apige simu kliniki. Anayejisikia mzima kabisa ndiye wa kufuatiliwa kwa karibu, kwa sababu ndiye atakayeona dawa haina kazi tena. Baada ya swala tutakaa na wahudumu hapa darasani tuandike namba za simu na mpango wa nani anachukua dawa za nani, gari likienda Dar es Salaam.