Kabati la Jikoni: Anza Kutazama Chini

Msikilizaji, kabla hujamlipa fundi seremala, inama utazame miguu ya kabati. Kwetu Pwani, Tanga hadi Mombasa, unyevu ndio adui. Ubao wa MDF, ule wa nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ukinyonya maji ya deki huvimba kingo na haurudi tena, hata uupake rangi mara ngapi. Mbao za mninga ni ghali, lakini huvumilia unyevu. Kabati liinuliwe kidogo kutoka sakafuni, hewa ipite. Mapambo ya milango? Hayo baadaye.

Mtungi wa gesi usiufungie kabatini pasipo matundu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini. Kwa hiyo matundu yawe chini. Mafuta ya taa nayo, tafadhali, yaweke mbali na unga na watoto.