Kiingereza cha Simu na cha Mlangoni
(Maneno ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi)



Habari za hisa na mikopo ameshazisoma mama mweka hazina, haturudii. Sisi tumeomba tuseme kidogo juu ya Kiingereza. Msicheke. Wengi wetu tuliishia darasa la saba.

Mwaka 2017 simu ya kikundi ililia tukiwa tunasuka vikapu. Alikuwa mzungu wa hoteli moja. Tukampokea kwa sauti ya sokoni: "Who are you? What do you want?" Nia yetu ilikuwa njema kabisa, yaani nani mwenzetu, tukusaidie nini. Simu ikakatwa. Baadaye tukasikia alitaka vikapu 60, akavipata kwingine. Na mwezi ule tulikuwa na marejesho ya mkopo wa kununulia ukindu, ikabidi tuchangishane ili tulipe. Iliuma.

Binti wa mwenzetu mmoja, aliyemaliza kidato cha nne, ndiye akatukalisha chini kila Jumamosi baada ya kununua hisa. Akatuonyesha kwamba Kiingereza nacho kina "naomba" yake, ila imejificha. Husemi "I want", unasema "I would like". Humwulizi mtu wewe nani, unasema, "May I know who is calling, please?" Akitakiwa kungoja, siyo "wait" kavu, ni "Hold on, please." Na usiposikia, usimpigie kelele "What?" Sema, "Sorry, could you repeat that?" Hiyo ilitutoa jasho, ndimi zilikataa.

Kwa wageni tulijua hatuna la kujifunza, sisi watu wa hodi na karibu. Kumbe! Mgeni akijikwaa tunamwambia "sorry" kwa maana ya pole, naye anashangaa tumemkosea nini. Tukienda jikoni kufuata chai tunasema "I am coming", kama tusemavyo nakuja, na huku anatuona tunaondoka. Sasa ni "Excuse me, I will be right back." Kumkaribisha kiti ni "Please have a seat", kwani "Sit down" ni ya mwalimu na watoto darasani. Ila pole hatujaiacha. Wageni wetu wanafundishwa nayo.

Siku hizi simu inashikwa kwa zamu, daftari pembeni. Mwaka 2023 hoteli ile ile ilipiga tena. Zamu ilikuwa ya mwenzetu mwenye wajukuu tisa. Aliuliza jina, akaandika vikapu 40 na siku ya kuvichukua, akamsomea mteja yote upya, akamaliza kwa "Thank you for calling." Halafu, kabla hajakata simu, akapiga kigelegele. Mteja akacheka sana. Vikapu vyake vilikuwa tayari siku mbili kabla.