Daktari wa Gorila Aliyeshuka Kinamasini

Leo tunavuka mpaka kwenda Rwanda. Na wewe mwenye korongo wa taji anayetembea uani kwako, nakuomba usizime redio.

Wanyarwanda humwita umusambi. Waganda wamemweka kwenye bendera yao. Kwa miaka mingi nchini Rwanda alifugwa kama pambo, hotelini na katika bustani za wenye uwezo. Alikamatwa angali kinda, akakatwa mabawa asiruke. Ndege wa namna hiyo hudhoofika polepole, na ni nadra kupata makinda akiwa kifungoni.

Dakta Olivier Nsengimana alikuwa akitibu gorila wa milimani. Kazi ya heshima, na gorila, tuseme kweli, hawakosi wafadhili. Umusambi hakuwa na msemaji. Nsengimana alikulia kijijini. Mauaji ya kimbari ya 1994 yalimkuta bado mtoto, akanusurika. Alipokuwa daktari wa mifugo, akaona ndege wa utotoni mwake wanatoweka. Mwaka 2014 alipata tuzo ya vijana ya Rolex, akaanza kuwashughulikia.

Hakuanza kwa kuwatisha watu. Wenye ndege waliambiwa wajitokeze waandikishwe, hakuna atakayeadhibiwa. Wakajitokeza. Ndege walioweza kuruka tena walipelekwa Hifadhi ya Akagera. Waliovunjika mabawa walipata makao Umusambi Village, pale Kigali.

Najua utauliza: watoto wakilala njaa, ndege ni wa nini? Swali la haki. Jibu liko Rugezi, kaskazini mwa nchi. Kinamasi hicho hushika maji ya mvua kama sifongo, kisha huyaachia kidogo kidogo kwenda ziwa Burera na Ruhondo, na maji hayo ndiyo huzungusha mitambo ya umeme ya Ntaruka. Watu walichimba mifereji, wakakausha sehemu ya kinamasi wapate mashamba. Mvua nazo zikapungua. Kufikia 2004 ziwa lilikuwa limeshuka sana, umeme ukawa wa shida, serikali ikalazimika kukodi jenereta za dizeli kwa bei ya kuumiza. Ndipo mashamba yakaondolewa kinamasini. Kwa mkulima aliyetegemea shamba lile, hiyo haikuwa habari njema, na si vizuri tulipite hilo kimyakimya.

Umusambi hutaga hapo hapo, chini, katikati ya majani ya maji, mayai mawili au matatu. Anayekuja kukata majani ya ng'ombe anaweza kulikanyaga kiota bila kujua. Kwa hiyo Nsengimana aliajiri wanakijiji wenyewe kuwa walinzi, maana wao ndio wanaojua nani hupita wapi, na saa ngapi.

Hesabu ya mwaka 2017 ilipata ndege 487 nchi nzima. Mwaka 2021 walihesabiwa 881.