Tupande kwa Kalenda ya Mikoko



Tunaomba kusema juu ya mikoko ya mlango wa Mto Ruvuma, iliyomo ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyotangazwa mwaka 2000. Wengi huiona kijani kilekile mwaka mzima. Sivyo. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya magongo, huotesha mbegu ingali mtini. Ikikomaa hudondoka kama mkuki ikasimama topeni. Mlilana hukaa mbele, upande wa bahari. Mkandaa hukaa nyuma, karibu na nchi kavu. Ukiupanda mkandaa mahali pa mlilana, bamvua moja tu litauondoa. Tena wakati wa kaskazi mto hufurika ukaleta maji baridi na tope jipya. Wakati wa kusi mvua hukatika, na chumvi huzidi.

Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua ng'ambo, Cabo Delgado, na watu wa Mtwara wakatakiwa kuhamia mahali salama. Hapo kila mtu aliongea habari za kupanda miti.

Tupande, lakini siku ya kupanda isipangwe na fedha kuingia benki. Kila usharika wa pwani uteue wawili, ikiwezekana mvuvi na mama anayeokota pweza, waandike kila bamvua nini kimechanua na nini kimedondoka. Nanyi wafadhili, mtuvumilie ripoti ikija na miche michache. Madaftari yatagawiwa leo baada ya chai.