Taa ya Bluu na Dawa Iliyo Chini Yake

Kinachong'arisha meno ni dawa. Taa ya bluu huisukuma tu, na hata msukumo huo una ubishi. Katika kliniki za Harley Street na Wimpole Street, London, mteja aliyelazwa kitini haoni kingine isipokuwa taa, basi ndiyo anayoisimulia akirudi nyumbani.

Kwanza hupimwa rangi. Daktari husogeza karibu na jino kibao chenye vipande vya rangi mbalimbali, akatafuta kinacholandana nalo. Midomo hupanuliwa kwa plastiki, na ufizi hukingwa kwa utomvu unaogandishwa kwa mwanga, maana dawa ikiugusa huubabua. Jeli ya peroksidi ya haidrojeni hupakwa meno ya mbele, mteja akavishwa miwani, taa ikawashwa. Baada ya kama robo saa jeli hufutwa, ikapakwa nyingine, mara mbili au tatu.

Enameli ni ngumu kuliko mfupa, lakini ina vitundu vidogo mno. Peroksidi hupenya humo hadi kwenye dentini, huko ikavunjika na kuachia chembe za oksijeni zisizotulia. Chembe hizo huzikatakata molekuli zinazobeba rangi, na zikishakatika hazinyonyi mwanga kama awali. Hakuna kilichokwanguliwa. Wekundu wa tambuu na weusi wa chai ya rangi, ulioganda juu ya jino, ni habari nyingine: huo mara nyingi hutoka kwa kusafishwa tu.

Taa na joto lake huharakisha kuvunjika kwa peroksidi. Hata hivyo, meno yaliyomulikwa yakilinganishwa na yasiyomulikwa, baada ya wiki chache tofauti huwa ndogo au haipo. Weupe wa siku ya kwanza una hila yake: mdomo umekaa wazi muda mrefu, meno yamekauka, na jino kavu ni jeupe. Mate yakirudi, sehemu ya weupe huo huondoka. Kinachobaki siku kadhaa kwa wengi ni meno kushtuka kwa maji baridi.

Uingereza, tangu 31 Oktoba 2012, peroksidi hairuhusiwi kuzidi asilimia 6. Inayozidi asilimia 0.1 lazima ianzie mikononi mwa daktari wa meno, na walio chini ya miaka 18 hawapewi kwa ajili ya urembo. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilithibitisha kuwa kung'arisha meno ni tiba ya meno. Kwa hiyo saluni yenye taa bila mtaalamu aliyesajiliwa na General Dental Council inavunja sheria, hata taa ikiwa ya bei mbaya.

Kwa aliyekulia Arusha au Meru, kwenye maji yenye floridi nyingi, dawa hupunguza ukahawia wa meno ulioletwa na maji hayo, ila madoa meupe huweza kujitokeza zaidi. Jino la bandia halibadiliki kabisa. Likiwa mbele, wenzake wakishang'aa, hubaki peke yake na unjano wake.